Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya barabara: mbaneni na anayempigia dereva

Kwa Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani. Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Wizara zenye dhamana ya polisi, uchukuzi na ujenzi. Na wenzetu wa wakala wa barabara, TANROADS na TARURA.

YAH: SIMU MIKONONI MWA MADEREVA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mbagala, Dar es Salaam. Nikiwa zamu, kazi yangu ya kwanza kabla ya paredi ni kuvusha watoto Barabara ya Kilwa. Kazi hiyo hurudi saa sita na nusu mchana, wakati awamu ya asubuhi inatoka na ya mchana inaingia, watoto wa pande mbili wanapishana katikati ya zebra na kila mmoja ana salamu ya kumpa mwenzake. Ukisimama pale kwa muda unajifunza kitu ambacho askari mwenye tochi hana nafasi ya kujifunza. Tochi inasoma mwendo. Sisi tunasoma videvu.

Dereva anayeangalia barabara kidevu chake kiko juu na macho yake yanahama: kioo cha pembeni, zebra, kibao cha mtoto, zebra tena. Aliye kwenye simu kidevu kimegusa kifua. Gari lake linapunguza mwendo pasipo sababu, linausogelea mstari wa kati polepole, halafu linarudishwa kwa mpigo. Kwenye foleni ndiye anayeachwa na wenzake wameshasogea, mpaka apigiwe honi. Wa bodaboda hana kidevu cha kusoma kwa sababu ya helmeti, lakini huyo naye ana alama yake: simu imechomekwa ndani ya helmeti, imebanwa kati ya sikio na sponji, anaongea kwa kupayuka ili ashinde upepo, na kila baada ya muda mkono mmoja unaachia usukani kuisukuma isidondoke. Nyuma yake amekaa mama na mtoto.

Watoto wenyewe wameshajua. Binti mmoja wa darasa la nne, mshika kibao cha SIMAMA, alinizuia siku moja nilipokuwa nimeshawaruhusu wenzake. "Mwalimu, tusivuke. Yule anacheka na mapaja yake." Niliangalia. Kweli, dereva wa gari dogo alikuwa anachekea mapaja, na alitupita vilevile, akicheka. Hakukimbia. Tochi isingemkamata.

Siwaandikii kuwaambia kwamba simu na usukani ni hatari. Mnalijua hilo kuliko mimi, na kila Wiki ya Nenda kwa Usalama mnalisema. Ninachotaka kusema ni kwamba hesabu yenu inamwangukia mtu mmoja, dereva, wakati simu ina ncha mbili. Kuna anayepokea, na kuna anayepiga. Anayepiga mara nyingi ni bosi wake.

Wengi wa madereva ninaowalalamikia ni wazazi wa wanafunzi wangu. Wakija kwenye kikao cha wazazi tunaongea. Wa daladala anasema tajiri anampigia mara kwa mara kwa siku: uko wapi, umejaza, hesabu imefika ngapi, mbona kimya? Asipopokea, jioni anaulizwa simu ni ya nini, na nje ya geti kuna deiwaka anayesubiri funguo. Wa basi la mkoani anapigiwa na ofisi ya tiketi akiwa mwendoni: kuna abiria watatu wanakusubiri mbele, kuna bahasha ya kushusha, kuna askari kituo kile. Konda yupo, ana simu yake na mikono yake miwili haina kazi, lakini ofisi inampigia dereva. Kwa nini? Nimeuliza, nikajibiwa kwamba dereva ndiye "mkubwa wa gari".

Halafu wapo hawa wa usafiri wa mtandao, magari, bajaji na pikipiki. Kwao simu ndiyo ofisi. Ombi la safari linaingia na mlio, sekunde zinahesabiwa kwenye kioo, na dereva aliye katikati ya mzunguko akiwa na abiria mwingine nyuma lazima aamue: abonyeze au apoteze. Akiikosa au kuikataa mara nyingi, mfumo unamhesabia. Akibonyeza, dakika moja baadaye mteja anapiga: "Uko wapi? Kwenye ramani nakuona umesimama." Na sisi wateja tunapiga kweli. Tunampigia mtu tunayeona kwa macho yetu kwenye ramani kwamba anaendesha, tena tunakasirika asipopokea.

Sasa mkimsimamisha dereva huyo mkamwandikia faini, mmefanya kazi yenu, sikatai. Lakini tajiri hajaguswa, ofisi ya tiketi haijaguswa, na programu iliyomlia mlio kwenye mzunguko inaendelea kulia. Kesho yake atapokea tena, maana sasa ana hela ya faini ya kurudisha.

Niseme kidogo kuhusu ukubwa wa jambo lenyewe, kwa sababu naona bado wapo wakubwa wanaoamini kwamba kosa ni kushika simu tu, na kwamba ukivaa spika za masikioni umetakasika. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yumo katika hatari ya kupata ajali takriban mara nne zaidi ya asiyetumia, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi haipunguzi hatari hiyo kwa kiasi cha maana. Mwaka 2006 David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwaweka watu kwenye mtambo wa kuigiza udereva, siku moja wakiwa wanaongea na simu, siku nyingine wakiwa wamekunywa pombe mpaka kiwango cha asilimia 0.08 kwenye damu. Waliokuwa kwenye simu walichelewa kukanyaga breki, na kwa ujumla hawakuwa na nafuu juu ya walevi. Aliyeongea ameshika simu na aliyeongea bila kuishika hawakupishana. Abiria aliyeketi pembeni ni tofauti, kwa sababu naye anaiona barabara: likitokea lori mbele ananyamaza mwenyewe, au anapiga kelele. Tajiri aliyeko nyumbani anaendelea kuuliza hesabu.

Na hii ni hesabu ya darasa la saba, nimewapa wanafunzi wangu wakaifanya. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo halali kabisa kwenye makazi ya watu, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto wa darasa la kwanza anayetembea mita moja kwa sekunde anahitaji sekunde saba kuvuka njia mbili za magari zenye upana wa mita 7. Gari likiwa mita 90 kutoka kwenye zebra wakati mtoto anaweka mguu wake wa kwanza, dereva akainamisha macho kwa sekunde tano tu asome ujumbe, atakapoyainua zimebaki mita 20. Kusimama kwa mwendo ule, ukijumlisha sekunde moja ya kushtuka na breki nzuri kwenye lami kavu, kunahitaji mita 28 hivi. Mvulana mmoja alimaliza hesabu mapema akauliza kama ujumbe unaweza kusomwa kwa sekunde mbili. Nikamwambia inategemea na ujumbe.

Kuhusu sheria. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na kwa bahati tu ndio mwaka ambao Martin Cooper alisimama mtaani New York, mwezi Aprili, akapiga simu ya kwanza ya mkononi. Tangu hapo sheria imerekebishwa mara kadhaa, simu imerekebishwa mara nyingi zaidi. Naomba marekebisho yajayo yaandikwe kwa kuangalia walikojikwaa wengine. Uingereza walipiga marufuku simu ya mkononi kwenye usukani Desemba 2003, lakini maneno ya sheria yalihusu mawasiliano: kupiga, kutuma, kupokea. Mwaka 2019 Mahakama Kuu yao ikakubaliana na dereva aliyekuwa anarekodi video ya ajali huku akiendesha, kwa sababu kurekodi si kuwasiliana. Ilibidi wasubiri mpaka Machi 2022 kuziba tundu hilo, na sasa kushika simu kwa matumizi yoyote ni kosa, pauni 200 na alama sita kwenye leseni. Hapa kwetu anayerekodi video akipita kwenye ajali hahitaji kutafutwa, yupo kila ajali inapotokea. Kwa hiyo iandikwe wazi: kushika, kubonyeza, kutazama, kurekodi, hata kama gari limesimama kwenye taa au foleni. Foleni ndipo wengi wanapoianza ile soga wanayokuja kuimalizia kwenye zebra yangu.

Na iandikwe sehemu ya pili ambayo sijaona ikipewa uzito: mmiliki au mwajiri anayempigia dereva wake akijua yuko mwendoni, au anayempangia kazi kwa namna inayomlazimu kutumia simu akiendesha, naye ana kosa lake na faini yake, na iwe kubwa kuliko ya dereva. Rekodi za simu zipo. Ajali ikitokea, polisi mnaweza kuomba kujua dereva alikuwa anaongea na nani saa ileile. Mkijua, msiishie kuliandika jina hilo kwenye jalada.

LATRA, ninyi mna nguvu ambayo polisi hawana: leseni ya usafirishaji. Kwenye mabasi ya mikoani mmefunga VTS, mfumo wa kufuatilia mwenendo wa gari, na mnaliona basi likizidisha mwendo likiwa mbali kabisa na ofisi yenu. Nawapongeza, nimepanda mabasi kabla yake na baada yake, tofauti naijua. Lakini VTS haijui macho ya dereva yako wapi, na tangu safari za usiku ziruhusiwe tena mwaka 2023 macho hayo yana kazi kubwa zaidi. Wekeni sharti kwenye leseni: namba ya mawasiliano ya gari ni ya konda, basi likiwa mwendoni dereva hapigiwi, simu yake inakaa kwa konda au kwenye kisanduku mpaka kituo. Sharti hilo halina gharama kwa tajiri. Na namba yenu ya malalamiko iandikwe mbele ya abiria, kwa maneno "Ukimwona dereva anatumia simu, piga hapa", pale ambapo sasa hivi panaandikwa mistari ya mapenzi na majina ya timu za Ulaya.

Kampuni za usafiri wa mtandao nazo zinapitia kwenu. Programu hizo zinajua gari liko wapi na linakwenda kasi gani, sekunde kwa sekunde, ndivyo zinavyokokotoa nauli. Basi zinaweza pia kuamriwa zisilete ombi jipya gari likiwa kwenye mwendo, zisubiri lisimame, na dereva asikatwe alama kwa kuchelewa kujibu. Zinaweza kumzuia mteja kupiga simu gari likiwa linatembea, badala yake ziandike "Dereva anaendesha, anakuja". Watasema biashara itapungua. Itapungua kwa kampuni zote sawa, mkiwabana wote siku moja.

Kamanda, kwako nina ombi la kazi, sina lawama. Askari wako wengi husimama mahali penye mteremko wakisubiri mwendo. Mpe mmoja, kwa saa moja tu mchana, asimame na mwalimu wa zamu kwenye kivuko cha shule, mwingine akae mita 100 mbele. Wa kwanza asome videvu na kutaja gari kwa redio, wa pili asimamishe. Hakuna mtambo wa kununua. Najua huko New South Wales, Australia, wameweka kamera zinazopiga picha kupitia kioo cha mbele na tangu Machi 2020 faini zinatoka kwa picha hizo. Ni jambo zuri na siku moja tutalifikia. Lakini tusingoje kamera wakati tuna macho.

Hapohapo naomba mlitazame suala la vioo vya tinti. Zamani tuliwafundisha watoto kuangalia kulia, kushoto, kisha kulia tena. Siku hizi tumeongeza: mtazame dereva usoni, na usivuke mpaka naye akutazame. Gari likisimama, usiamini kwamba limesimama kwa ajili yako, huenda limesimama kwa ajili ya ujumbe. Ukiwa wa mwisho kwenye mstari usikimbilie wenzako, dereva aliyewaona wa kwanza huenda ameshainama. Bajaji na bodaboda zinapita pembeni ya gari lililosimama, chungulia kwanza. Haya yote yanamfaa mtoto mwenye akili timamu, mpaka lije gari lenye kioo cheusi mbele. Mtoto anaangalia, anaona zebra na sura yake mwenyewe kwenye kioo. Somo letu linaishia hapo. Na mtoto mwenyewe amebeba kidumu cha maji, ana njaa, ana miaka saba.

Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kazi iko kwa TANROADS na TARURA. Tuta halihitaji dereva awe anatazama. Likimfikia ameinama, litamwinua. Mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, ulioanzia kwenye maeneo ya shule hapa Dar es Salaam, ulipata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross mwaka 2019, na kilichoshinda hakikuwa teknolojia ya ajabu: matuta, vivuko vilivyochorwa vizuri, njia za waenda kwa miguu, nguzo za kuzuia magari kupanda pembeni, na watoto kufundishwa. Najua wahandisi hawapendi matuta makubwa kwenye barabara kuu, malori yanaumia na foleni inazidi. Basi tuwekeeni rasta, zile zinazonguruma chini ya matairi, mita 100 kabla ya kila kivuko cha shule, na tena mita 50. Tupeni kisiwa katikati ili mtoto avuke nusu, apumue, aangalie upya. Na kwenye vivuko hivi mwendo uwe 30 badala ya 50, kama Azimio la Stockholm la usalama barabarani la Februari 2020 lilivyopendekeza kwa mahali ambapo watu na magari vinachanganyika. Kwa kilomita 30, zile sekunde tano za kuinama zinamsogeza dereva mita 42 badala ya 70. Rudieni hesabu ya juu mtaona mtoto ameshafika upande wa pili.

Rangi ya zebra pia. Yetu imefifia kiasi kwamba mvua ikinyesha haionekani, na dereva aliyeinama akiinua macho anahitaji kitu cha kumshtua, kisichomlazimu kukisia. Ni debe la rangi na usiku mmoja wa kazi.

Kuna jambo ambalo sitaki kuliacha ingawa najua halitapendwa. Magari ya serikali, yale yenye namba za STL, yanapita kwetu kila siku, na videvu vya madereva wake navyo vinashuka. Mkubwa yuko kiti cha nyuma, anasoma gazeti au naye yuko kwenye simu yake. Sisemi ni ofisi gani, wala sina haja. Waraka mmoja ukitoka kwamba dereva wa serikali hapokei simu akiendesha, hata ya mkubwa mwenyewe, wale wa daladala watapata habari siku hiyohiyo. Madereva wanaambizana haraka sana mambo ya namna hiyo, wakiwa kwenye simu.

Na sisi huku chini? Tumeanza. Kwenye kikao cha wazazi muhula huu tumekubaliana mzazi asimpigie dereva wa gari la wanafunzi kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, ampigie matroni aliyemo ndani. Mzazi mmoja aligoma, akasema analipa hela yake na ana haki ya kujua mwanawe yuko wapi. Yule dereva, aliyekuwa ameketi nyuma kabisa, akasimama akasema: "Mama, yuko nyuma yangu. Ndiyo maana sitaki kupokea." Tukapitisha.

Kivuko chetu hakina jina, lakini askari wa Mbagala wanakijua. Kundi kubwa huvuka saa sita na nusu mchana, Jumatatu mpaka Ijumaa. Yeyote kati yenu akitaka kuja aje bila ving'ora, kwa sababu king'ora kinainua videvu vyote na hamtaona kitu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa zamu, Mbagala

Nakala: Wamiliki wa daladala na mabasi ya mikoani, kampuni za usafiri wa mtandao, matajiri wa bodaboda na bajaji.
Nakala kwa mteja anayempigia dereva kuuliza yuko wapi.